Kwa Nini Riwaya za Mapenzi za Historia ya Uskoti Zapendwa

Katika riwaya zote zitungwazo juu ya mambo ya kale, zile za Uskoti zina bahati ya peke yake. Nchi yenyewe ni ndogo, wakazi wake hawafiki milioni 6, na vita isimuliwayo mara nyingi zaidi katika riwaya hizo ilikatwa kwa pigano la muda usiofika saa moja, tena kwa kushindwa kwa wale ambao msomaji huwapenda. Walakini tangu mwaka 1814 hata leo wasomaji wa nchi nyingi, ambao wengi wao hawajapata kuitia machoni Uskoti, hawajachoka kuzisoma. Makala haya yanakusudia kuitafuta sababu ya jambo hilo katika historia.

Jibu la kawaida ni kwamba Uskoti ina milima, ukungu, ngome zilizobomoka, wanaume waliovaa kilti na zumari zenye kiriba. Mambo hayo yamo kweli katika riwaya hizi, lakini hayatoshi kuwa sababu, maana Norway na Uswisi pia zina milima, na ngome zimejaa kando ya mto Rhine. Rai yetu ni kwamba mvuto watokana na mahali ambapo riwaya hizi humweka msomaji. Humpa kuujua mwisho ambao wahusika wenyewe hawaujui. Humruhusu kuwapenda walioshindwa bila ya hasara yoyote. Na humvusha mpaka baina ya mataifa mawili kwa daraja la mapenzi. Na kwa kuwa mvuto huo ulikuwa na gharama, hapana budi tutazame pia ni nani aliyeilipa.

Kwanza neno moja juu ya istilahi. Riwaya ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kusimulia habari iliyopokewa kwa mtu mwingine. Waingereza wana maneno mawili: moja kwa hadithi ifuatayo mwendo wa kawaida wa maisha ya watu, na jingine kwa hadithi ya mapenzi, safari na mambo ya ajabu. Walter Scott mwenyewe aliieleza tofauti hiyo katika insha yake ya mwaka 1824. Sisi twaweza kusema riwaya ya mapenzi ya kihistoria, na maana ya asili ya neno letu inaafiki sana, kwa sababu, kama itakavyoonekana, fani hii ilizaliwa kwa habari zilizopokewa vinywani mwa wazee. Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kukutana na Mskoti mmoja wa fani iliyo jirani, yaani Robert Louis Stevenson, ambaye kitabu chake kilifasiriwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Riwaya zake juu ya nchi yake mwenyewe ndizo zituhusuzo hapa.

Sasa tuitazame vita yenyewe. Bunge la Uskoti na bunge la Uingereza yaliunganishwa mwaka 1707. Kabla ya hapo, mwaka 1688, mfalme James wa ukoo wa Stuart alikuwa amekimbia kiti chake, na wafuasi wa ukoo huo wakaitwa Wajakobiti, kwa kuwa jina la James kwa Kilatini ni Jacobus. Mjukuu wake, Charles Edward Stuart, alitua katika visiwa vya magharibi ya Uskoti mwezi Julai 1745 pamoja na watu wachache mno. Tarehe 19 Agosti alitweka bendera yake Glenfinnan. Tarehe 21 Septemba jeshi lake lilishinda Prestonpans, karibu na Edinburgh. Na mwezi Desemba lilifika Derby, kama kilomita 200 tu kutoka London. Hapo likageuka kurudi. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanda wa Culloden karibu na Inverness, jeshi la serikali chini ya Duke wa Cumberland lilimaliza kazi. Wajakobiti kati ya 1,500 na 2,000 waliuawa au kujeruhiwa, na kwa upande wa serikali waliouawa walikuwa yapata 50.

Lazima tuseme wazi kwamba hii haikuwa vita ya Waskoti na Waingereza, ijapokuwa riwaya nyingi husimulia hivyo. Watu wengi wa nchi tambarare ya kusini hawakumtaka Charles, na koo nyingine za milimani, hasa ukoo wa Campbell, zilipigana upande wa mfalme wa London. Ilikuwa vita ya ndugu kwa ndugu, na ndiyo maana ilimfaa sana mtunzi wa riwaya, kwa sababu ndani yake mtu mwema aliweza kuonekana pande zote mbili.

Baada ya Culloden serikali ilikusudia kuvunja nguvu za koo. Sheria iliwanyang'anya wakuu wa koo uwezo wao wa kurithi wa kuhukumu watu wao. Sheria nyingine ilikataza silaha, na tangu Agosti 1747 ilikataza hata mavazi ya milimani kwa wanaume, isipokuwa kwa askari wa mfalme. Marufuku hiyo ya mavazi haikuondolewa mpaka mwaka 1782. Hapa ndipo jambo la ajabu lilipoanza. Kadiri watu wa milimani walivyozidi kuwa dhaifu, ndivyo walivyozidi kupendeza machoni pa waliowaogopa zamani. Mwaka 1760 James Macpherson alianza kutoa vitabu alivyodai kuwa ni tafsiri ya mashairi ya kale ya Kigaeli yaliyotungwa na Ossian. Samuel Johnson alikana kabisa ukweli wa dai hilo, na wataalamu wa baadaye wamekubali kwamba Macpherson alichukua masimulizi ya kweli akayaongeza mengi ya kwake. Hata hivyo Ulaya nzima iliyasoma. Goethe aliyatia katika riwaya yake ya Werther mwaka 1774, na Napoleon aliyapenda. Mtu wa milimani alikuwa amekwisha kuwa picha kabla ya kuwa mhusika wa riwaya.

Walter Scott alizaliwa Edinburgh mwaka 1771, miaka 25 baada ya Culloden. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mmoja wa wateja wake alikuwa Alexander Stewart wa Invernahyle, mzee aliyepigana upande wa Wajakobiti. Kijana Scott alikaa miguuni pa mzee huyo akasikiliza. Alimsikia akieleza jinsi alivyomwona, katika pigano la Prestonpans, ofisa mmoja wa serikali aliyebaki peke yake penye mizinga, naye akamwokoa asiuawe. Ofisa huyo alikuwa Kanali Whitefoord. Baada ya Culloden mambo yaligeuka, na Whitefoord naye akaenda kumwombea Stewart mbele ya Cumberland. Kisa hiki cha maadui wawili waliokopeshana uhai ndicho kilichokuwa moyo wa riwaya ya Waverley, iliyotolewa Julai 1814 bila ya jina la mtungaji. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi, na chapa nyingine zikafuata mwaka huohuo.

Jina la pili la kitabu hicho lasema kwamba mambo yake yalitukia miaka 60 iliyopita. Muda huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka 60 wengi wa waliopigana wamekwisha kufa, lakini wachache wangali hai na waweza kuulizwa. Chuki imepoa, na habari haijapotea. Mtungaji akiandika mapema zaidi, riwaya yake yaweza kumtia gerezani au kuwasha moto upya. Akichelewa zaidi, huokota mifupa mitupu. Kabla yake, mwaka 1810, Jane Porter alikuwa ametunga riwaya juu ya William Wallace, shujaa aliyekufa mwaka 1305, nayo ilisomwa sana. Lakini Wallace wake ni kama mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa, wala hakuna mzee aliyeweza kumsahihisha. Scott alipata wakati uliofaa, naye alijua hivyo.

Mhusika mkuu wa riwaya hiyo, Edward Waverley, ni kijana Mwingereza, ofisa wa jeshi la serikali, msomaji mno wa vitabu, mwenye moyo uyumbao. Anakwenda Uskoti na kukaa kwa Baron Bradwardine. Anapanda milimani na kukutana na Fergus Mac-Ivor, mkuu wa ukoo, pamoja na dada yake Flora. Anavutwa na ujasiri wao hata akapigana upande wao. Mhakiki Georg Lukács, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya riwaya ya kihistoria, alieleza faida ya mhusika wa namna hii: kwa kuwa yeye ni mtu wa katikati, asiye na msimamo mkali, aweza kuingia kambi zote mbili, na msomaji akaziona zote kwa macho yake. Twaongeza kwamba mtu huyu ni mgeni. Kila desturi ya milimani aelezwayo yeye, msomaji ameelezwa pia. Ugeni wa mhusika hufunika ujinga wa msomaji, na hivyo msomaji wa London, Paris au Boston haoni haya kwa kutojua.

Mapenzi nayo yana kazi yake. Waverley anampenda Flora, aliyeutoa moyo wake wote kwa ukoo wa Stuart, na Flora anamkataa. Mwisho anamwoa Rose, binti wa Bradwardine, mpole, mkazi wa nchi ya chini. Fergus anauawa kwa hukumu huko Carlisle, na Flora anaingia katika nyumba ya watawa Paris. Kwa hiyo ndoa inaamua jambo la siasa: mapenzi yanayowezekana ni yale yapatanayo na amani mpya, na mapenzi yaliyo makali zaidi yanakwenda kaburini na utawani. Kila msomaji anatambua kwamba Rose ndiye afaaye, na karibu kila msomaji anamkumbuka Flora. Tofauti hiyo kati ya kilicho salama na kitamaniwacho ndiyo iliyoendelea kuzaa riwaya nyingine kwa zaidi ya miaka 200. Watungaji wa baadaye walifanya jambo moja tu kubwa: walimwozesha mgeni kwa mtu wa milimani mwenyewe, jambo ambalo Scott hakuthubutu.

Scott aliiona hila ya kazi yake, wala hakuificha. Mwishoni mwa riwaya, nyumba ya Bradwardine iliyoharibiwa na askari imekwisha kutengenezwa, na ukutani imetundikwa picha kubwa ya Waverley na Fergus wakiwa wamevaa mavazi ya milimani. Kando yake zimetundikwa silaha za Waverley. Wageni wanaitazama picha hiyo kwa furaha, kisha wanakwenda kula. Fergus halisi amekatwa kichwa. Uasi umekuwa pambo la nyumba, na msomaji mwangalifu atajiona mwenyewe kati ya wale wageni.

Tukiruka sasa mpaka mwaka 1991, twakutana na kitabu cha Diana Gabaldon kiitwacho Outlander. Mtungaji alikuwa Mmarekani wa Arizona, aliyefundisha chuo kikuu, na alipoanza kuandika hakuwa amefika Uskoti. Mhusika wake, Claire, ni muuguzi Mwingereza aliyehudumu katika Vita Kuu ya Pili. Akiwa karibu na Inverness anapita katikati ya mawe ya kale akajikuta mwaka 1743. Huko anaolewa na Jamie Fraser, kijana wa milimani. Wengi wameyatazama mawe hayo kuwa ndiyo ajabu ya kitabu. Twaona kwamba ajabu yake ni ujuzi alio nao Claire. Yeye anajua kwamba miaka 3 baadaye kutakuwa na Culloden. Kila karamu, kila arusi na kila mtoto azaliwaye, anavitazama kama mtu aonaye tarehe ya kifo imeandikwa juu ya mlango. Huo ndio ujuzi uleule ambao msomaji wa Scott alikuwa nao tangu mwanzo. Gabaldon ameutoa kwa msomaji akautia katika kifua cha mhusika. Kitabu hicho kilizaa mfululizo wa vingine, na tangu mwaka 2014 kikaonyeshwa katika televisheni.

Kwa nini ujuzi huo ni mtamu hali unahuzunisha? Kwa sababu unaongeza thamani ya kila kitu. Mapenzi ya watu wenye miaka mingi mbele yao yaweza kungoja. Mapenzi ya watu ambao Aprili 1746 inawajia hayangoji. Tena unamwondolea msomaji hofu ya kukosea. Katika siasa za siku zetu hakuna ajuaye ni upande gani utashindwa, wala kama ushindi utaleta heri. Lakini upande wa Charles Stuart hauwezi tena kumdhuru mtu. Msomaji aweza kuupenda kwa moyo wote na kesho akaamka akiwa raia mtiifu wa serikali iliyoushinda.

Wasomaji wengi wa riwaya hizi leo ni wanawake, na wahakiki wengi wamewadharau kwa hilo. Dharau hiyo haina msingi. Janice Radway, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 1984, aliwauliza wanawake wa mji mmoja wa Marekani sababu za kusoma riwaya za mapenzi, nao walieleza kwamba kusoma ni saa yao wenyewe, saa ambayo hakuna mume wala mtoto awaombaye kitu. Uchunguzi huo haukuhusu riwaya za Uskoti peke yake, lakini unatusaidia kuona jambo moja. Shujaa wa milimani hutungwa kuwa mtu wa kiapo: amefungwa na ukoo wake, ardhi yake na neno lake, na kwa mwanamke ampendaye nguvu zake huwa ulinzi. Kwa msomaji aishiye mjini, katika nyumba ya kupanga, akiwa na ajira iwezayo kukatwa mwezi ujao, mtu asiyeweza kuvunja kiapo ni kitu cha kutamanika. Wengine nao ni wajukuu wa waliohama. Hata Stevenson aliitunga Catriona, riwaya yake ya mapenzi iliyotolewa mwaka 1893, akiwa Samoa, mbali kabisa na nchi aliyoieleza, na huko ndiko alikokufa mwaka uliofuata. Riwaya ya Uskoti imeandikwa na kusomwa sana na watu walio mbali nayo.

Hapa ndipo gharama ionekanapo. Mwezi Juni 1814, majuma machache kabla ya Waverley kutoka, watu wa Strathnaver katika milki ya Sutherland walikuwa wakifukuzwa mashambani mwao ili kondoo wapate malisho. Patrick Sellar, aliyesimamia kazi hiyo, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa kuchoma nyumba na kusababisha vifo, akaachiliwa. Mwaka 1822 mfalme George IV alipozuru Edinburgh, Scott ndiye aliyepanga sherehe, na mfalme mwenyewe alivaa kilti. Mjukuu wa ndugu yake Cumberland alikuwa amevaa mavazi ambayo babu zake waliyaharamisha, na wakati huohuo wenye mavazi hayo walikuwa wakipanda meli kwenda Kanada. Mwaka 1886 Stevenson alitoa Kidnapped, juu ya kuuawa kwa Colin Campbell wa Glenure mwaka 1752 na kunyongwa kwa James Stewart. Na mwaka huohuo ndipo bunge lilipotunga sheria ya kuwapa wakulima wadogo wa milimani haki ya kutofukuzwa ovyo. Kwa miaka 72 riwaya ilikuwa imetangulia, na haki ikafuata nyuma.

Lugha nayo ilipungua. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 haikukipa Kigaeli nafasi yoyote shuleni. Hesabu ya watu ya mwaka 1891 ilionyesha wasemaji zaidi ya 250,000. Ile ya mwaka 2011 ilionyesha kama 57,000. Katika riwaya, mashujaa husema Kiingereza kilichonyunyizwa maneno machache ya Kigaeli, kama chumvi. Dunia iliwapenda watu wa milimani kwa lugha isiyokuwa yao.

Je, tuseme basi kwamba riwaya hizi ni uongo wenye madhara? Hapana, hukumu hiyo ni nyepesi mno. Scott hakuwa kipofu: katika mapitio aliyoandika mwaka 1816 alisikitikia kuondolewa kwa watu mabondeni. Na fani hiyohiyo ya riwaya ilizaa dawa yake. Neil Gunn, katika Butcher's Broom ya mwaka 1934, na Iain Crichton Smith, katika Consider the Lilies ya mwaka 1968, waliandika juu ya kufukuzwa kule Sutherland. Smith, aliyekua akisema Kigaeli katika kisiwa cha Lewis, alimweka katikati ya kitabu mwanamke mzee anayeambiwa atoke nyumbani kwake. Hakuna upanga wala mwana wa mfalme. Lakini ni haki kusema kwamba wengi waliomfikia mzee huyo walianza safari yao kwa Flora Mac-Ivor au kwa Jamie Fraser.

Kwa hiyo twaweza kuhitimisha hivi. Riwaya ya mapenzi ya historia ya Uskoti yapendwa kwa sababu humpa msomaji walioshindwa wa kuwalilia, mgeni wa kusafiri naye, na mwisho aujuao kabla ya wakati. Vitu hivyo vitatu viliwezekana kwa kuwa vita ilikuwa imekwisha na waliopigana hawakuwa na nguvu tena. Anayezipenda hana haja ya kuona haya. Ila, akiisha kuitazama ile picha iliyotundikwa ukutani, na aulize pia habari za watu waliokuwa wakitolewa nje katika mwaka uleule ilipochapishwa.